Rudisha hiyo chumvi mezani: jibu kwa mama wa Mafinga

Kamwene, mama.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa zamu, na mara ya tatu nyumbani, kalamu mkononi. Kwa wasomaji wengine, kifupi chake ni hiki. Mume wake ana miaka 44, ni mpasua mbao upande wa Sao Hill. Desemba alikuwa na kilo 70, Machi 66, wiki iliyopita 57. Hakohoi. Amepimwa virusi vya ukimwi mara mbili kwa kupishana miezi mitatu, hana. Malaria hana. Ametibiwa taifodi mara tatu, minyoo mara mbili, vidonda vya tumbo mara moja. Amechoka kila saa, akisimama ghafla anaona giza, asubuhi anatapika, chakula hakitaki. Mwaka 2013, akiwa kwenye machimbo ya Chunya, aliugua TB, akameza dawa miezi sita, akapona. Ndugu wanasema amerogwa kwa sababu ya shamba la miti la urithi. Mama anauliza: "Daktari, vipimo vyote ni safi, sasa mbona mume wangu anaisha?"

Jambo lililonisimamisha halimo katika hayo yote. Limo mwishoni kabisa, baada ya kuaga: "Samahani, hili sijui kama linahusu. Siku hizi analamba chumvi. Juzi nimemkuta anaimimina kwenye uji. Mama mkwe ameniambia niifiche, itampandisha presha. Nimeificha."

Linahusu, mama. Rudisha hiyo chumvi mezani leo, halafu tuzungumze.

Nianze na neno "safi". Vipimo alivyofanyiwa ndivyo vilivyo safi, na kwa hesabu yangu havizidi vinne. Mtu wa kilo 70 akipoteza kilo tatu na nusu ndani ya miezi sita hadi mwaka bila kukusudia, yaani asilimia 5 ya uzito wake, sisi madaktari tunatakiwa kuacha kubahatisha na kuanza kutafuta. Baba amepoteza kilo 13, karibu asilimia 19. Huko si kupungua, ni kuyeyuka, na mwili hauyeyuki hivyo bila sababu. Kuna kitu hakijaangaliwa.

Na hiyo taifodi tuiweke pembeni. Nchi hii mtu akiingia zahanati akiwa hana malaria, hutoka na moja kati ya mawili: UTI au taifodi. Kipimo cha Widal kinachotumika sehemu nyingi kinatafuta alama za kinga kwenye damu, na alama hizo hubaki muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, au huonekana kwa sababu ya vijidudu vingine vya jamaa hiyohiyo. Mtu mzima aliyekunywa maji ya mito yetu anaweza kusomeka "1:160" akiwa mzima wa afya. Kutibiwa mara tatu bila nafuu ni jibu tosha kwamba haikuwa taifodi, hata ile mara ya kwanza.

Sasa chumvi. Juu ya kila figo ipo tezi ndogo, imekaa kama kofia. Zinaitwa tezi za adrenali, na hutoa homoni ambazo bila hizo mtu haishi. Mbili zinatuhusu. Kotisoli ndiyo inayomwezesha mtu kuamka asubuhi akiwa na nguvu, kuinua sukari ya damu akiwa hajala, kustahimili homa na jeraha. Aldosteroni huiambia figo: chumvi usiimwage, irudishe mwilini. Tezi hizi zikiharibika, figo huachia chumvi ikaenda na mkojo, maji nayo yakaifuata. Damu hupungua ujazo, presha hushuka, na mtu akisimama, giza. Mwili si mjinga. Unajua unachopoteza, ndiyo maana unampeleka baba jikoni kuitafuta chumvi. Yeye mwenyewe hajui kwa nini, anaona tu kwamba ni tamu.

Kwenye daftari lake ulilolipiga picha nimeona mambo mawili yaliyoandikwa yakapitwa. Presha 88/56. Na sukari 3.2 akiwa hajala, ambapo mtu ameandika pembeni "ale vizuri". Presha ya chini, sukari ya chini, uzito unaokwisha, kutapika, uchovu, hamu ya chumvi. Kila kimoja peke yake ni kitu cha kawaida, ndiyo maana kila aliyemwona alikitibu kimoja. Vikiwekwa pamoja vinanifanya niwaze ugonjwa wa Addison, yaani tezi za adrenali kushindwa kazi.

Jina ni la Thomas Addison, daktari wa hospitali ya Guy's jijini London, aliyeueleza mwaka 1855. Aliona watu wanaodhoofika polepole, moyo ukipiga kwa unyonge, tumbo likiwasumbua, ngozi ikigeuka rangi, kisha wanakufa. Alipowapasua baada ya kifo alikuta tezi hizo zimeharibika, na kwa wengi wao kilichoziharibu kilikuwa TB. Kwa Ulaya ya leo sababu kubwa ni mwili kujishambulia wenyewe. Kwetu, ambako TB haijaondoka, bado ile ya Addison ni ya kuwazwa mapema.

Hapo ndipo Chunya inapoingia. Vumbi la mawe la machimboni huumiza mapafu na kumfanya mchimbaji apatwe na TB kirahisi kuliko mtu mwingine. Wakati TB iko mapafuni, vijidudu vyake huweza kusafiri na damu vikatua kwingine: mifupa, figo, ubongo, na tezi hizi. Dawa za miezi sita zilimponya mapafu, na sina sababu ya kudhani alizimeza vibaya. Lakini tezi zinaweza kuwa zilishaliwa kimyakimya, zikabaki makovu. Nazo zina akiba kubwa mno. Dalili hazijitokezi mpaka karibu asilimia 90 ya tezi iwe imekufa, kwa hiyo miaka kumi inaweza kupita kati ya kikohozi cha Chunya na uji wenye chumvi Mafinga. Daktari anayeuliza "una kikohozi?" akajibiwa "hapana", akafunga ukurasa wa TB, hajakosea kwa uvivu. Ameuliza swali dogo kuliko ugonjwa.

Umeandika pia kwamba amekuwa mweusi, na watu wanasema ni jua la porini. Jua gani la Mufindi mwezi wa saba, mama? Ukungu unaondoka saa nne na baridi inauma mpaka mfupani. Kotisoli ikipungua, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huzipigia kelele adrenali zifanye kazi, na homoni inayotumika kupiga kelele hizo huamsha pia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Mtu huwa mweusi hata kule kusikofika jua. Wazungu huonekana kama waliotoka ufukweni. Rais John F. Kennedy wa Marekani, aliyempokea Mwalimu Nyerere jijini Washington Julai 1963, alikuwa na ugonjwa huu, na watu waliisifu rangi yake nzuri. Kwetu sisi weusi ni vigumu kuona, na ndiyo maana unatupita.

Basi mwangalie hivi, mchana, mlangoni penye mwanga. Fungua viganja utazame mistari: imekuwa myeusi kuliko nyama inayoizunguka? Tazama vifundo vya vidole na viwiko. Mwambie afungue kinywa uone fizi, ulimi na mashavu kwa ndani. Hapa tahadhari: wengi wetu tumezaliwa na fizi zenye madoa meusi, kwa hiyo fizi nyeusi si neno. Neno ni mabadiliko. Ndiyo maana nataka picha ya zamani. Picha ya kitambulisho cha NIDA haimtendei mtu yeyote haki, iache. Tafuta ya harusi.

Makovu nayo husema. Kovu la kabla ya ugonjwa hubaki na rangi yake, lililopatikana baada ya ugonjwa kuanza huwa jeusi. Umesema mganga alimchanja chale mwezi wa sita na "zimekuwa nyeusi tii". Hizo hazihesabiki, zilipakwa masizi. Lakini mpasua mbao hakosi alama za msumeno. Linganisha ya miaka ya nyuma na ya mwaka huu.

Kabla hatujaenda mbali, kuna swali hukulijibu kwa kuwa sikupata nafasi ya kukuuliza: je, amewahi kumeza "dawa za kunenepa"? Zile tembe zinazouzwa kwa siri sokoni au stendi, ndani ya karatasi isiyo na jina. Nyingine ndani yake ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya kotisoli. Mtu huitumia, uso unajaa, anafurahi. Mwili unaona homoni inatoka nje, unazilaza tezi zake. Akiziacha ghafla, tezi hazijaamka, naye anaanguka akiwa na dalili zinazofanana sana na hizi. Tofauti ipo: huyo hawi mweusi na hatafuti chumvi, kwa sababu pituitari imelala pia na aldosteroni haijaguswa. Kwa maelezo yako baba hayumo humo, lakini muulize, wala usimuulize mbele ya watu. Muulize pia kama amemeza kwa muda mrefu vidonge vya fangasi vya ketokonazo.

Magonjwa mengine sijayasahau, ila nitayapita haraka. Kisukari humkondesha mtu, lakini sukari huwa juu naye hushinda chooni. Goita ni ya nyumbani kabisa, milima yetu ya kusini ilijulikana kwa mashingo yaliyovimba kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto, na tezi ya shingo ikizidi kasi mtu hukonda. Huyo lakini anakula kama mchwa, anatoka jasho, mikono inatetemeka. Baba hali. Kipimo kimoja cha damu kitalimaliza hilo. Saratani ya umio au ya tumbo inanitia wasiwasi zaidi, hasa kama chakula kimeanza kukwama au choo kimekuwa cheusi kama lami. Mkieleza hivyo, aingizwe kamera tumboni. Ini na figo vipimwe. Ulanzi, umesema anakunywa msimu wake tu, sawa. Na sonona ipo: mwanaume aliyefiwa na baba yake kisha akagombana na ndugu juu ya miti anaweza kukataa chakula mpaka akaisha. Lakini sonona haimshushi mtu presha ikawa 88, wala haimtumi alambe chumvi.

TB nayo nairudia, maana inaweza kuwa hai mahali pengine hata sasa. Apigwe picha ya kifua, na kama makohozi yapo yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Umeandika kwamba kituoni wamependekeza "aanzishiwe tu dawa za TB kwa majaribio". Sizipingi dawa za TB, zimeokoa nusu ya wagonjwa wangu, na katika vituo vya serikali ni bure. Lakini ndani yake mna rifampisini, dawa inayolifanya ini liharakishe kuivunja kotisoli. Mtu ambaye tezi zake zinatoa kidogo cha kubangaiza, ukimpa rifampisini bila kumpa homoni ya kujazia, kile kidogo nacho kinakwenda.

Najua kwa sababu nilifanya hivyo. Nilikuwa daktari kijana, miaka mingi imepita, nikampokea mchuma chai aliyekonda, anatapika, presha iko chini. Nikasema hii ni TB ya tumbo, nikaandika dawa. Wiki ya pili aliletwa kwenye machela ya miti, mwili baridi, presha haisomeki. Daktari bingwa aliyekuwa akipita wodini hakuuliza historia. Alimshika mkono, akaufungua, akaniuliza: "Mistari hii umeiona?" Sikuwa nimeiona. Mgonjwa alichomwa haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, na kutundikiwa dripu ya chumvi, na kesho yake asubuhi aliomba ugali. Tangu siku hiyo mgonjwa hatoki mbele yangu kabla sijatazama viganja vyake. Manesi wananitania kwamba napiga ramli.

Sasa la kufanya. Usingoje mwisho wa mwezi. Jumatatu mpeleke hospitali yenye maabara kubwa na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Kwako iliyo karibu ni ya rufaa ya mkoa, Iringa mjini, kama kilomita 80. Mkiambiwa mwende mbele zaidi, ipo ya rufaa ya kanda Mbeya, na najua watu wa huko pia hupanda kwenda Ikonda kule Makete. Popote mtakapofika, usiingie na kusema "anaumwa tumbo", utapewa dawa ya tumbo. Andika karatasi moja: uzito na tarehe zake, TB ya 2013, Chunya, chumvi, giza akisimama, weusi, dawa zote alizokwishameza. Mpe daktari asome. Uongeze na sentensi hii bila kuona aibu: "Tunaomba aangaliwe tezi za adrenali." Hakuna daktari mwenye busara atakayekasirika.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Alale dakika tano, apimwe presha. Asimame, apimwe tena ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, una jambo mkononi. Pili, sodiamu na potasiamu kwenye damu: katika ugonjwa huu sodiamu hushuka, potasiamu hupanda. Hivi hupimwa hospitali nyingi za mkoa, nami ningevipima hivyo siku ileile ya kwanza. Tatu, kotisoli, na hii ichukuliwe asubuhi, kati ya saa 1 na saa 3, kwa sababu ndio muda inapokuwa juu kwa mtu mzima wa afya. Ikichukuliwa saa nane mchana haitusaidii. Ikisomeka chini ya nanomoli 100 kwa lita asubuhi hiyo, ubishi karibu umekwisha. Ikiwa juu sana, nimekosea mimi na tutatafuta kwingine. Ikiwa katikati, kuna sindano ya kuzisisimua tezi, kisha damu hupimwa tena baada ya nusu saa au saa nzima. Si kila maabara ina kotisoli. Sampuli hutumwa, na jibu huweza kuchukua siku. Daktari akiona mgonjwa ana hali mbaya hangoji jibu: anachukua damu, anaanza matibabu. Picha ya CT ya tumbo hufuata, kuona kama tezi zimevimba au zimejaa chokaa la TB ya zamani.

Usiku wowote kabla ya hapo, akitapika mfululizo, akiharisha, akipata homa kali, akianza kuchanganyikiwa au akashindwa kusimama, hiyo si ya kungoja kupambazuke. Hapo tezi zimeshindwa kabisa, na mtu hufa kwa saa, si kwa siku. Kodi gari. Ukifika mapokezi taja neno "adrenali" kabla ya kutaja jina lake.

Ikiwa ndio ugonjwa wenyewe, habari ni nzuri kuliko unavyoogopa. Kabla ya miaka ya 1940 kwisha wengi wa watu hawa walikuwa wanakufa, maana dawa ya kujazia kotisoli haikuwapo. Leo atameza haidrokotisoni mara mbili au tatu kwa siku, na isipopatikana, predinisoloni kidogo, dawa rahisi ya jamii hiyohiyo iliyopo karibu kila duka la dawa. Ipo na ya pili, fludrokotisoni, ya kushika chumvi; hii utaitafuta kwa tochi nje ya miji mikubwa, na hapo ndipo chumvi ya mezani inapokuwa sehemu ya tiba. Atameza maisha yake yote. Akiugua homa au akienda kung'olewa jino, dozi huongezwa. Asiache ghafla hata siku moja, hata kama kwenye maombi ameambiwa amepona. Lakini usimnunulie predinisoloni sasa ukamwanzishia mwenyewe nyumbani. Itamchangamsha siku tatu, kipimo cha kotisoli kitavurugika, na kama kuna TB hai ndani itaamka.

Mpaka Jumatatu: chumvi ale anavyotaka, ila iwe ya pakiti yenye madini joto. Anywe maji na supu. Ale kidogo mara nyingi, asilale njaa. Maparachichi na ndizi ambazo shemeji zako wanamshindilia ili "damu irudi" zipunguzwe mpaka potasiamu ijulikane, kwa sababu zina potasiamu nyingi na yeye huenda hana pa kuipeleka. Msumeno auweke chini.

Kuhusu urithi na uchawi sitabishana na wakwe zako kupitia kwako, nawe usibishane nao wiki hii. Wakitaka kuomba, waombe akiwa njiani kwenda Iringa. Na mama mkwe usimwambie kwamba alikosea. Kwa presha yake yeye, ambayo umesema ni 170, ushauri wa kupunguza chumvi ni sahihi kabisa. Mpikie chungu chake mbali.

Majibu ya sodiamu na potasiamu yakitoka niandikie, hata kama ni usiku. Na usiisahau ile picha ya harusi.